Aliyesimama Mlangoni

Kituo cha Afya Kisungile,
Singida Vijijini.
6 Mei 2024

Kaka Chediel,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Alizeti imeanza kukauka shambani na vumbi limerudi. Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule?

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati huu. Lakini huko Rungwa mtandao mnautafuta kwa kupanda kichuguu, na jambo lenyewe si la kupita kwenye simu. Ujumbe wa simu unamtumia mtu mmoja, jioni unaukuta kwenye kundi la wilaya nzima.

Ofisi ya mkoa inakuletea muuguzi kwenye zahanati yako. Anaitwa Agripina Gidamis. Ameondolewa hapa kwangu kupisha uchunguzi, na kwa kuwa tumesoma chuo kimoja mimi na wewe, sitaki umpokee kama mtu anayepokea mgeni gizani.

Tarehe 12 Machi tulikuwa na mzazi hapa, Janeth, mke wa Mwalimu Ezekieli. Miaka ishirini na miwili, uzazi wa kwanza. Alijifungua salama saa mbili asubuhi. Agripina ndiye aliyepangwa kumwangalia. Mama akawa anavuja damu kidogo kidogo, na huyo binti hakumwambia mtu. Saa sita kasoro Sara, muuguzi wangu mzoefu, akapita tu kwa bahati, akamkuta mgonjwa amekuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tulimkimbiza Singida mjini. Uhai ukaokolewa, kizazi kikatolewa. Mtoto huyo aliyemzaa ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho.

Mimi asubuhi ile nilikuwa ofisini na wageni kutoka wilayani, mlango wazi kabisa, hatua ishirini kutoka wodini. Angeweza kuja. Hakuja. Kwenye chati, saa nne hakuna kitu, saa tano hakuna kitu. Kwenye maelezo yake kaandika maneno mawili, "Nilitoa taarifa," bila kusema alimpa nani. Nilipomuuliza mbele ya wenzake aliinama akatazama sakafu. Chediel, mtu asiye na hatia anakutazama machoni.

Ni binti wa wafugaji, wa kule bondeni Kintinku. Sina neno na watu wake, ila ndivyo walivyo: hata ng'ombe akiugua wanakaa wanamtazama kwanza. Kiswahili chake kizito, na ukimtuma jambo hujui kama ameelewa au amekasirika. Usimwache peke yake na mzazi. Ni hilo tu.

Dada yako,
Dina Ntandu,
Muuguzi Mfawidhi


Zahanati, Rungwa.
27 Mei 2024

Dada Dina,

Barua yako imenifikia. Kondakta wa basi la Itigi aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akasubiri mpaka akapewa maji ya kunywa. Wote hatujambo. Wifi yako anasema ukija safari hii usiondoke bila asali.

Pole sana kwa yaliyowapata. Nimemfikiria huyo Janeth kwa siku kadhaa.

Binti amefika. Nimefuata ulivyosema. Nimempa kazi ya kadi na kupima watoto uzito, na chumba cha kujifungulia haingii. Anafika mapema kuliko mimi. Anasalimia, anafanya kazi, anakaa. Siku ya tatu aliniuliza kama anaweza kuingia kwa wazazi. Nikamwambia asubiri kwanza. Hakurudia kuuliza, nami nikajisemea: Dina alisema kweli, huyu hana moyo wa kazi.

Jambo moja tu limenishangaza. Kina mama wa wafugaji, ambao zamani walikuwa wakija siku mambo yameshaharibika, wameanza kuja kliniki. Wanakaa naye nje, wanazungumza lugha yao, wanacheka. Anaongea sana huyo, Dina. Na wao anaongea sana.

Kaka yako,
Chediel Kitundu


Kisungile.
10 Juni 2024

Kaka Chediel,

Asante kwa kumpokea. Kuongea na ndugu zake kwa kilugha hakumsaidii Janeth.

Tarehe imetoka. Kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi tarehe 15 Agosti, Singida mjini. Taarifa yangu wanayo. Naomba na wewe uandike maelezo mafupi, ukurasa mmoja: kwamba umemwangalia wiki kadhaa na umeona ni mzito, hajitumi, hatoi taarifa. Andika ulichokiona tu. Ila fanya mapema.

Huku wametuletea semina. Mwezeshaji ni kijana anaitwa Alphonce, suruali imenyooka kama rula, akaanza kutufundisha eti upo upendeleo ambao mtu anao bila kuujua. Kwamba mtu mwema kabisa, mcha Mungu, anaweza kumpa mmoja nafasi na kumnyima mwingine, na ukimwuliza akaapa kwamba anatenda haki. Nilinyoosha mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ni Tanzania. Hatuna ukabila. Mimi Mnyaturu, nimeolewa na Mgogo, msaidizi wangu Mnyiramba, mlinzi wetu Mwislamu na sisi wengi Walutheri. Hayo umeyatoa wapi?"

Hakubishana nami. Akasema tu, "Mama, chukua ratiba zako za zamu za mwaka mzima. Hesabu nani ulimpa nini. Na ujiulize, nani akisema unamsikia mara ya kwanza." Watu wakanigeukia. Nilikasirika, nikamwambia nitahesabu, tena nitamtumia majibu kwa maandishi aone aibu.

Kwa hiyo nina kazi hiyo ya kijinga mezani. Wewe niandikie yale maelezo.

Dina


Rungwa.
25 Juni 2024

Dada Dina,

Maelezo sitaandika. Nisikilize kwanza.

Tarehe 19 mke wa Nathan, mrina asali wa hapa, alijifungua. Jina lake Jenipher, huyu ni mtoto wa nne. Nilimzalisha mwenyewe, kila kitu kikaenda vizuri, nikamwacha apumzike. Ndipo akaletwa mzee aliyeanguka kutoka mtini, mguu umepasuka. Nikawa namshona.

Agripina akaja akasimama kwenye mlango wa chumba cha vidonda. Nilimwona kwa pembeni ya jicho. Nikaendelea kushona. Akasema, "Mganga, mama Jenipher." Nikasema, "Nakuja," kama mtu anavyomjibu inzi. Hakuondoka. Nikapiga nyuzi mbili nyingine. Bado yupo. Nikainua kichwa nimfokee, nikaona anatazama sakafu.

Sijui kwa nini niliweka sindano chini. Nadhani ni kwa sababu hakuondoka. Dina, shuka lilikuwa limelowa mpaka godoroni. Kizazi kimelegea kabisa. Agripina alikuwa amemwonyesha mama mkwe namna ya kukikanda kwa nje, juu ya tumbo, na mama mkwe anakanda huku analia. Tulihangaika zaidi ya saa nzima, mimi na huyo ambaye nilimkataza mlango. Mikono yake inajua kazi. Jenipher yuko hai, juzi amerudi nyumbani.

Tulipomaliza nilimwuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?"

Akasema, "Nilipiga, Mganga."

Kelele yake ni ile. Mtu aliyelelewa asikatize maneno ya mkubwa, akisema neno moja mbele ya mkubwa anayefanya kazi, kwake ni kelele. Mimi ndiye nilikuwa sijaisikia. Uliniandikia kurasa mbili juu yake kabla hajafika, nikazivaa kama miwani. Mwezi mzima sikumtazama yeye, nilitazama barua yako.

Nikamwuliza tena, "Na kule Kisungile, ulimwambia nani?"

"Mama mfawidhi."

"Dina mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Alisema nisubiri."

Akaendelea kuosha vyombo. Sikumwuliza zaidi. Sasa nakuuliza wewe.

Chediel


Kisungile.
4 Julai 2024

Chediel,

Kwa hiyo nimekuwa mwongo.

Miaka kumi na tisa ya kazi, wazazi wangapi wamepita mikononi mwangu, halafu binti wa mwaka mmoja kazini anakuja huko kwako, anapata mgonjwa mmoja wa kuokoa, na wewe unamwamini yeye juu yangu. Hongera.

Kama alikuja kwangu, kwa nini hakuandika hivyo? Kwa nini hakusema mbele ya wenzake siku ile nilipomwuliza? Alikuwa na nafasi. Alitazama sakafu! Anayajua haya maneno sasa kwa sababu tarehe imekaribia.

Nilikuwa ofisini. Mlango ulikuwa wazi. Angekuja ningemwona.

Usijiingize katika jambo ambalo hukuwepo. Maelezo yako siyahitaji tena.

D. Ntandu

Zile ratiba sijamaliza kuzihesabu. Nina kazi za maana.


Rungwa.
15 Julai 2024

Dada Dina,

Sijasema wewe ni mwongo. Kama ningekuona mwongo nisingepoteza wino.

Unauliza kwa nini hakusema mbele ya wenzake. Nami nilimwuliza. Alijibu, "Nimwambie mkubwa wangu mbele ya watu kwamba nilimwambia yeye? Hiyo ni kumwita mwongo." Ndiyo sababu aliandika maneno mawili. Alidhani utayasoma, ukumbuke, umwite pembeni. Alisubiri umwite mpaka barua ya uhamisho ikafika.

Unamkumbuka mwalimu wetu wa chuo aliyeniita "wewe wa asali"? Miaka mitatu hakuniita jina. Nikinyoosha mkono anampita, anamwuliza aliye nyuma yangu. Hakuwa mtu mbaya, alinichangia hata nauli baba alipofariki. Ila alikuwa ameshaamua kwamba mtoto wa watu wa mizinga hawezi kuwa na jibu. Ni wewe uliyesimama darasani ukasema, "Mwalimu, Chediel amenyoosha mkono." Nimekuwa tabibu tangu siku hiyo, nadhani.

Kaa kwenye kiti chako, Dina, tazama huo mlango. Usinijibu mimi.

Chediel


Kisungile.
29 Julai 2024

Kaka Chediel,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Nilimaliza kuhesabu. Nilianza ili nimwaibishe Alphonce. Nilichukua ratiba zote tangu Machi ya mwaka jana nikaketi nazo Jumapili baada ya ibada, peke yangu. Zamu za chumba cha kujifungulia: Sara sitini na moja. Samweli, aliyeajiriwa siku moja na Agripina, thelathini na nane. Agripina nne. Nne, Chediel, na zote ni siku ambazo mwingine alikuwa likizo au mgonjwa. Kuosha vyombo, kufua mashuka, kubeba taka za wodi: jina lake kila ukurasa. Mwandiko ni wangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Nikasema labda ni kwa sababu hakuwa hodari. Nikatafuta kosa lake kwenye kitabu cha matukio, kosa lolote kabla ya 12 Machi. Halipo. Samweli ana matatu, na nilikuwa nimeyasahau.

Nikafungua kitabu cha wageni, ukurasa wa siku ile. Nilisoma majina ya wale watu watatu wa wilayani, na asubuhi yote ikarudi. Yule mnene alikuwa anaeleza habari za jokofu la chanjo. Chai ilikuwa mezani na karanga za kuchemsha. Na nyuma ya bega lake, mlangoni, palikuwa na kitu cheupe. Sare. Nilinyoosha kiganja, hivi, kama unavyomzuia mtoto asiingie na matope. Nikasema, "Subiri." Halafu nikamwambia mgeni, "Endelea, baba."

Sikumbuki uso wake. Nakumbuka kiganja changu.

Na kitu kingine kibaya zaidi. Asubuhi ileile, kabla ya hapo, Sara aliingia bila hodi, akanikatiza, akataka kujua kama glavu zimefika. Nikamjibu palepale. Wageni walikuwepo. Glavu!

Umeniuliza kwa barua zako, ingawa hukuuliza kwa maneno, hii imetoka wapi. Nimefikiri. Nilikuwa na miaka tisa. Ng'ombe waliingia kwenye uwele wa baba, umeshakomaa, wiki moja kabla ya kuvuna. Baba akaenda kuwazuia, vijana wa wafugaji wakampiga fimbo mkono ukavunjika. Haukunyooka tena mpaka alipokufa. Mwaka ule tulikula mlo mmoja. Nilidhani nimeshasamehe, maana kanisani nilisimama nikasema nimesamehe. Agripina hakuwa hata amezaliwa.

Sasa sijui la kufanya. Taarifa iko kwa kamati, ina sahihi yangu. Sara anasema niache, karatasi ikishaandikwa imeandikwa, na binti bado kijana, atapata kazi nyingine. Nikisimama kule nikasema kweli, naweza kutoka bila kiti na labda bila kazi. Nina mtoto kidato cha tano. Nami nimewaambia watu wote wa hapa, mpaka mama mzazi wa Janeth nyumbani kwake, kwamba ni Agripina.

Nitakuwa mkweli kwako: leo asubuhi nilikuwa nimeamua kusema. Sasa hivi sijui.

Dina


Rungwa.
7 Agosti 2024

Dada Dina,

Sitakuambia la kufanya. Nikikuambia, utakuwa umefanya langu.

Agripina anaondoka hapa Jumatatu na basi la alfajiri, atalala Itigi, Jumanne Singida. Hajui uliyoniandikia. Sijamwambia, maana si yangu kuyasema. Anajiandaa kama mtu anayekwenda msibani. Amefua sare mbili, akakabidhi kadi zote, akamfundisha mhudumu wetu namna ya kuzipanga. Nilimwambia atarudi, akasema, "Ndiyo, Mganga," kwa sauti ile ya kumridhisha mkubwa.

Mimi nitatuma maelezo yangu kwa kamati. Nitaandika ya Jenipher, na nitaandika kwamba nilimweka pembeni mwezi mzima bila sababu. Hayo ni yangu.

Barua hii labda itakufikia siku yeye anafika Singida.

Chediel


Kisungile.
19 Agosti 2024

Kaka Chediel,

Imekwisha. Nakuandikia ili usiyasikie kwa watu.

Tulikaa ukumbi mdogo, feni inalia. Kamati watu watano. Upande mmoja Agripina, peke yake. Upande mwingine mimi na Sara. Nyuma walikaa Janeth na Mwalimu Ezekieli, na mtoto mgongoni mwa mama yake. Sikujua kwamba watakuja.

Walianza na Agripina. Mwenyekiti akamwuliza, "Ulimpa nani taarifa?" Akatazama sakafu. Akamwuliza tena. Akasema, "Nilitoa taarifa." Mwenyekiti akaanza kukasirika, akasema, "Binti, nitazame ninapokuuliza." Nikaona jambo lilelile linataka kutokea tena mbele yangu, likifanywa na mtu mwingine, na mimi nimekaa.

Nilisimama bila kuitwa. Nikasema, "Mwenyekiti, alinipa mimi."

Sara alinivuta gauni. Nikasema yote. Kiganja, karanga, jokofu la chanjo. Nikasema zamu nne. Nikasema kwamba taarifa niliyoandika niliiandika nikiamini, na kwamba hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu nikipewa siku ileile tena bila kujua ninayoyajua leo ningeiandika vilevile. Mwenyekiti akaniuliza kama kuna mtu amenitisha nibadilishe maneno. Nikasema hapana.

Halafu Mwalimu Ezekieli akasimama, ingawa haikuwa zamu yake. Aliniuliza swali moja. "Kwa hiyo saa nne ile palikuwa na mtu anajua?"

Nikasema, "Alikuwepo."

"Na alisema?"

"Alisema."

Akakaa. Janeth hakunitazama wakati wote. Alikuwa anamtazama Agripina. Walipotoka nje nilimwona anamfungua mtoto mgongoni, akampa Agripina ambebe. Mimi sikusogea.

Agripina amefutiwa shauri. Wamempa achague, arudi Kisungile au abaki huko kwako. Mimi nimevuliwa ufawidhi na kupewa onyo la maandishi. Kazi nimeachiwa. Ninaingia zamu kama wengine, chini ya Samweli, anayekaimu kwa sasa, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika mkasi.

Kabla sijakabidhi ofisi nilibadilisha jambo moja, na Samweli ameliacha. Asubuhi tukikabidhiana zamu, mdogo kabisa anaanza kusema, na mfawidhi anasema wa mwisho. Siku mbili za kwanza walitazamana tu. Jana mhudumu wa usafi alisema mgonjwa wa kitanda cha tatu hajala siku mbili. Hakuna muuguzi aliyekuwa anajua.

Nimemwandikia Agripina. Nimemwomba msamaha kwa lile la kumwambia asubiri. Tafadhali mpe barua iliyomo humu ndani, na usimwulize atajibu nini.

Dina


Rungwa.
9 Septemba 2024

Kwa Mama Dina Ntandu,

Shikamoo.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Natumaini na wewe ni mzima pamoja na familia.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mganga. Nimeisoma mara nyingi kabla ya kujibu, kwa hiyo nisamehe kwa kuchelewa. Nimechagua kubaki huku. Wazazi wanakuja, wa wafugaji na wa warina asali, na Mganga ananipanga zamu sawa na yeye.

Mama, ulisimama mbele ya watu ukasema. Sikutegemea. Baba yangu nilipompigia simu alinifanya nirudie mara tatu, akasema mtu huyo ana moyo. Nakushukuru kwa hilo, na sisemi kwa adabu tu.

Umeniomba nikuambie kama lipo neno moyoni. Lipo. Nimefikiria kunyamaza, kama nilivyozoea. Lakini kunyamaza kwangu kulimwumiza Janeth, na mimi pia sijajisamehe katika hilo. Kwetu mtoto hakatizi mazungumzo ya wakubwa na wageni. Ila mimi siku ile sikuwa mtoto, nilikuwa muuguzi. Ilinipasa kuingia, hata ungenifukuza.

Neno lenyewe ni hili. Mbele ya kamati ulisema nilikuja. Ni kweli. Lakini nilikuja mara mbili.

Mara ya kwanza uliniambia nisubiri, nikarudi kwa Janeth. Niliona damu haikomi na mapigo yanakwenda mbio. Chati sikuandika, kwa sababu nilipokuwa wodini mikono yangu ilikuwa tumboni kwake, na nilipotoka nilikuwa mlangoni kwako. Mara ya pili nilikanyaga ndani ya ofisi. Nilisema, "Mama, damu haikomi." Nilisema kwa sauti. Uligeuka ukanitazama usoni, halafu ukawaambia wageni, "Hawa wetu bado tunawafundisha kupiga hodi." Walicheka. Na wewe ulicheka. Nikatoka.

Siandiki haya ili uadhibiwe tena. Nayaandika kwa sababu umesema umekumbuka yote, na watu wote sasa wanajua kwamba nilikuja mara moja, nikaambiwa nisubiri, nikaridhika. Sikuridhika.

Naomba radhi kama nimekosa adabu.

Agripina Gidamis


Kisungile.
24 Septemba 2024

Agripina mwanangu,

Marahaba. Hukukosa adabu.

Barua yako ina siku sita kwangu. Nimekaa katika ile ofisi, Samweli aliniruhusu, nikakaa kiti kilekile nikautazama mlango. Nimejaribu kuanzia kwenye chai. Nimejaribu kuanzia kwenye kicheko. Nimempigia yule mgeni mnene wa wilayani nikamwuliza, akasema hakumbuki chochote isipokuwa karanga.

Sikumbuki mara ya pili. Ningependa kukuambia kwamba imenirudia, kama ile ya kwanza, lakini nitakuwa nakudanganya. Nikitafuta, napata ukuta. Jambo la kwanza lililonijia, nakuambia kweli, lilikuwa lilelile la zamani: labda amekosea, labda alikuwa na hofu akachanganya. Nililisikia likija, kwa sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeiandikia kamati kwenye fomu yao ya maelezo, na nakala nimewapelekea Mwalimu Ezekieli na mkewe kwa mkono wangu. Nimesoma mbele yao kwenye kibaraza chao. Janeth alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani bila kuniaga. Nimeandika kwamba tarehe 12 Machi Muuguzi Agripina Gidamis alikuja ofisini kwangu mara mbili, na kwamba mara ya pili aliingia ndani, akasema kwa sauti kwamba damu haikomi, nikamcheka mbele ya wageni.

Chini wameacha nafasi ya kujaza shahidi wa maneno hayo ni nani na nimeyajuaje. Nimejaza: mimi sikumbuki. Amesema yeye.

Dina Ntandu